Kambi, Kitanda na Magurudumu Mawili: Historia ya Kulala Nje Huku West Nile

Vijana wenzetu, wengi wetu tunaandika "Rhino Camp" kwenye fomu bila kujiuliza jina hilo lilitoka wapi. Rhino ni kifaru. Na hiyo kambi ya kwanza haikuwa ya wakimbizi, ilikuwa ya matembezi.

Januari 1910 Theodore Roosevelt, aliyetoka kwenye urais wa Marekani mwaka uliotangulia, alipiga hema ukingo wa magharibi wa Nile pamoja na mwanawe Kermit. Walitafuta vifaru weupe wa kupeleka makumbusho ya Smithsonian huko Washington. Wakati huo upande huu uliitwa Lado, na uliwahi kukodishwa kwa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Ulikuja kuingia Uganda mwaka 1914. Hema, vitanda na masanduku ya wageni hao vilibebwa na wapagazi kwa miguu hadi Butiaba kwenye Ziwa Albert, ndipo vikapakiwa kwenye mashua. Yaani bwana mmoja alilala nje kwa raha kwa sababu watu wengi walibeba kitanda chake.

Tunataka mkumbuke hilo tunapoeleza kitu kingine cha Wamarekani. Miaka ya 1930, magari yalipokuwa mengi kwao lakini pesa ni kidogo, watu wa kawaida walianza kujitengenezea kijumba cha kuvutwa na gari. Wanakiita "tone la chozi" kwa ajili ya umbo lake: mbele mviringo, nyuma kimeshuka, upepo upite bila kukivuta. Magazeti ya ufundi yalichapa michoro, mtu akanunua mbao akajenga mwenyewe nyumbani. Baada ya vita kuisha mwaka 1945, wengine walitumia alumini na magurudumu yaliyobaki jeshini.

Ufundi wake si mgumu. Chini ni fremu ya chuma yenye ekseli moja na magurudumu mawili. Juu ni plaiwudi. Vingi vina upana wa futi 4 na urefu wa futi 8, kwa sababu ndo kipimo cha shiti moja la plaiwudi, hata lile linalouzwa Arua mjini. Ndani husimami, unalala tu. Mlango wa nyuma unafunguka juu, na chini yake ni jiko. Uzito uwekwe mbele kidogo ya ekseli. Ukiuweka nyuma, mkia unayumba njiani.

Sasa turudi huku. Mwaka 1979 serikali ya Idi Amin ilianguka, naye ukoo wa baba yake ni wa Koboko. Kisasi kikafuata, na mwaka 1980 watu wengi wa Arua na Koboko wakakimbilia Sudan upande wa Yei, na Zaire upande wa Aru. Wazee wenyeji wanatusimulia: godoro kichwani, sufuria mgongoni, mtoto juu ya baiskeli. Wengi walikaa huko miaka. Ndiyo maana mzee wa hapa akikupa kiwanja cha kulima hakuulizi sana. Naye aliwahi kulala chini ya mti kwa watu. Na sisi tuliotoka Kongo na Sudan Kusini tulipita barabara zilezile, tukielekea upande wa pili.

Kumbe kulala nje kuna historia mbili. Kuna anayelala nje kwa kupenda, na kuna anayelazwa nje na bunduki. Kundi letu lilipotoa wazo la kutengeneza kijumba cha magurudumu, tuwapeleke wadogo zetu kulala usiku mmoja karibu na Nile au chini ya mlima Liru kule Koboko, mama mmoja alituuliza: "Wanangu, porini tulilala bila kutaka. Nyinyi mnakurudia kutafuta nini?" Hatukumjibu haraka, maana swali lake ni la haki.

Mama mwingine akauliza la pili: hayo magurudumu si yangebeba wagonjwa? Na kweli, Uganda inayo historia hiyo. Shirika la FABIO la Jinja limesambaza ambulensi za baiskeli: kitanda juu ya magurudumu mawili, kivuli cha turubai, kinavutwa na baiskeli hadi kituo cha afya. Ukikitazama vizuri, ni ndugu wa lile tone la chozi, ila chenyewe kilizaliwa na shida.

Basi tumekubaliana hivi. Fremu ni moja, na fundi wa kuchomelea anaifunga na pikipiki. Siku zote kitanda ni cha mgonjwa na mama mjamzito, na turubai linamkinga jua. Likizo ya shule, kama hakuna mgonjwa, kinabeba mahema, maji na unga wa wadogo zetu, na kitanda ni cha atakayechoka. Hakuna wa kubebewa kichwani kama enzi za Roosevelt. Na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inatambua haki yetu ya kutembea ndani ya nchi hii.

Wapo watoto waliozaliwa hapa Rhino Camp ambao hawajauona Nile, na jina la kambi lilitoka ukingoni pake. Yule mama wa kwanza tulirudi kwake na jibu: tunataka mtoto alale nje usiku mmoja akijua kesho anarudi nyumbani. Alinyamaza kidogo, akauliza safari ni lini, na kama wanaruhusu wazee.