Kitui Ipi? Metadata, Wiki na Wilaya Zilizohama

Kwa kompyuta, ukurasa wa wiki ni maneno tu. Mimi na wewe tukisoma "Kitui ina watu 515,422" tunaelewa. Kompyuta inaona herufi na tarakimu basi.

Mwaka 2005 ilianza Semantic MediaWiki. Ni programu-jalizi, yaani programu ndogo unayoichomeka ndani ya MediaWiki, ile inayoendesha Wikipedia (ingawa Wikipedia yenyewe haikuichomeka). Kati ya waanzilishi wake ni Markus Krötzsch na Denny Vrandečić, wakiwa Karlsruhe, Ujerumani. Badala ya kuacha tarakimu peke yake, unaandika hivi:

[[Idadi ya watu::515422]]

Msomaji anaona tarakimu ile ile, ila sasa kompyuta inajua ni ya nini. Hiyo ndiyo metadata: data inayoeleza data. Ukiweka alama hizo kwenye kila ukurasa, unaweza kuiambia wiki ipange wilaya zote kwa idadi ya watu, nayo itachora jedwali yenyewe.

Safi sana. Sasa tuijaribu Ukambani.

Wakoloni walituachia wilaya mbili, Machakos na Kitui. Mwaka 1992 Makueni ikamegwa kutoka Machakos, na 1993 Mwingi ikamegwa kutoka Kitui. Sensa ya 1999 ikahesabu watu 515,422 Kitui, 303,828 Mwingi na 771,545 Makueni. Halafu Katiba ya 2010 ikaweka kaunti 47 kwa kufuata wilaya za sheria ya 1992. Makueni ilikuwemo, ikawa kaunti. Mwingi haikuwemo, ikarudi Kitui.

Kwa mipaka hiyo ya kaunti, sensa ya 2009 inaipa Kitui watu 1,012,709. Je, ukiiuliza wiki Kitui iliongezeka kiasi gani tangu 1999? Itakujibu bila haya: karibu mara mbili, ndani ya miaka kumi!

Si kweli. Ongeza watu wa Mwingi kwenye hesabu ya 1999 upate 819,250. Ongezeko halisi ni kama asilimia 24. Tarakimu zote zilikuwa sahihi. Kilichodanganya ni jina "Kitui", lililobeba maeneo mawili tofauti.

Hili si jambo la kuchekea. Mgao wa fedha za kaunti hutazama idadi ya watu, na anayepanga visima na madarasa huanzia hapo hapo. Jedwali likidanganya, mtu fulani atabaki bila maji.

Dawa ni metadata zaidi. Wikidata, iliyoanza 2012 Vrandečić akiwa kiongozi wa mradi, inaruhusu kila taarifa ibebe tarehe yake. Kwenye wiki yako fanya vivyo hivyo: idadi ya watu iende pamoja na mwaka wa sensa, na Wilaya ya Kitui ipewe ukurasa wake mbali na Kaunti ya Kitui. Wilaya ya Mwingi nayo usiifute. Ipe mwaka wa kuzaliwa na wa kufa.

Ukishafanya hivyo, sensa ya 2019 inaingia bila shida: Kitui 1,136,187, Makueni 987,653. Hizo unaweza kuzilinganisha na za 2009 bila wasiwasi, kwa sababu kaunti ni zile zile. Na safari hii kompyuta nayo inalijua hilo.