Kombe wa tangini ahitaji mwangaza kuliko chakula

WANUNUZI wengi wa makombe wa tangi la maji ya chumvi huvutiwa na rangi. Nyama laini inayojitokeza kati ya magamba mawili ya kombe wa jamii ya Tridacna huweza kuwa ya samawati, kijani, zambarau au dhahabu, na kila kombe ana madoadoa yake. Rangi hiyo hiyo ndiyo huwaponza wanunuzi, kwani spishi zenye rangi kali zaidi ndizo zinazodai mwangaza mkali zaidi.

Ndani ya nyama hiyo huishi mwani wa chembe moja. Mwani huo hutumia mwangaza kutengeneza sukari, nayo sukari humlisha kombe. Ni kweli kwamba kombe huchuja pia vijidudu na chembechembe majini, lakini akikosa mwangaza hudhoofika polepole, pengine kwa miezi kadhaa, na mwenye tangi hutanabahi wakati hakuna tena la kufanya.

Tridacna crocea, asiyezidi sana sentimita 15, pamoja na Tridacna maxima, hufaa tu pale penye taa zenye nguvu nyingi. Tridacna derasa na Tridacna squamosa huvumilia mwangaza wa wastani, na anayeanza ufugaji huu aheri aanze nao. Ila derasa huweza kufikia zaidi ya sentimita 50, hivyo tangi dogo litamshinda upesi. Tridacna gigas, anayepita mita moja na kilo 200, hana nafasi sebuleni.

Dukani, mnunuzi apitishe mkono juu ya tangi ili kivuli kimwangukie kombe. Mwenye afya hujifunga mara moja. Mstari mweupe kwenye ukingo wa gamba ni dalili kwamba anakua. Anayeacha tundu la kuingizia maji likiwa wazi mno, au ambaye nyama yake imesinyaa ndani ya gamba, aachwe hata akiuzwa kwa bei ya chini. Vilevile, sehemu ya chini ichunguzwe. Hapo ndipo zinapotoka nyuzi ambazo kombe hujishikiza nazo mwambani, na aliyeng'olewa kwa nguvu hadi nyama ikachanika ni nadra kupona. Nyuzi hukatwa kwa wembe, hazivutwi. Makombe walio chini ya sentimita 5 ni dhaifu zaidi.

Maji yawe na joto la nyuzi 25 hadi 27 za Selsiasi, na chumvi ya takriban gramu 35 kwa kila kilo ya maji. Kalisi idumishwe kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita, kwani ndiyo inayojenga gamba. Tangi liwe limetulia kwa miezi kadhaa kabla ya kombe kuingizwa. Dawa za samaki zenye madini ya shaba humuua.

Crocea na maxima huwekwa juu ya mwamba, ilhali derasa na squamosa hukaa vyema mchangani. Wote huhitaji maji yanayotembea, lakini si yale yanayowapiga moja kwa moja kutoka kwa pampu. Usiku ni vyema kumulika ukingo wa gamba kwa tochi. Konokono weupe wadogo kama punje ya mchele hujitokeza wakati huo kumfyonza kombe, na dawa yao ni kuwasugua kwa mswaki laini na kuondoa mayai yao, kazi inayorudiwa kwa wiki kadhaa. Samaki wanaodonoa nyama yake wasichanganywe naye.

Spishi zote za jamii hii zimo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, na huvushwa mipaka kwa kibali tu. Maxima na squamosa hupatikana pia kwenye matumbawe ya Pwani ya Kenya, lakini kuwachukua katika mbuga za baharini, kama vile Malindi, Watamu na Kisite-Mpunguti, ni hatia. Visiwa vya Palau vilianza kuzalisha makombe hawa kwa wingi miaka ya themanini, na leo wengi wa derasa wanaouzwa ni wa kuzalishwa. Muuzaji asiyeweza kueleza kombe wake alitoka wapi hafai kupewa pesa.