Kurejea Kazini Mtoto Akiwa Ananyonya: Kuchagua Pampu ya Kukamulia Maziwa na Kukabili Upungufu wa Maziwa

Na Mwandishi Wetu

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa anayejifungua likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, na siku 100 endapo amejifungua watoto zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee, bila hata maji, kwa miezi sita ya mwanzo, yaani takribani siku 180. Kati ya hesabu hizo mbili kuna pengo la siku zipatazo 96. Kwa mama aliyeanza likizo wiki nne kabla ya tarehe ya matazamio, jambo ambalo sheria inaliruhusu, pengo hilo ni kubwa zaidi.

Ni katika siku hizo ambapo akina mama wengi huanza kuulizia pampu za kukamulia maziwa, na ni katika siku hizo hizo ambapo wengi huhisi kuwa maziwa yao yamepungua. Mambo haya mawili hukutana dukani: mama mwenye hofu hununua kifaa cha bei kubwa akitumaini kitaongeza maziwa. Pampu inaweza kusaidia, lakini ni vyema kufahamu kwanza inachoweza na kisichoweza kufanya.

Titi hutengeneza maziwa kwa kadiri yanavyotolewa. Mtoto anaponyonya, mwili wa mama hutoa homoni mbili: prolaktini, inayochochea utengenezaji wa maziwa, na oksitosini, inayobana vifuko vya maziwa ndani ya titi ili yashuke kuelekea kwenye chuchu. Maziwa yakibaki titini kwa muda mrefu, mwili huyahesabu kuwa hayahitajiki na kupunguza utengenezaji. Kwa sababu hiyo, mama anayekaa ofisini saa tisa au kumi bila kukamua, kisha akapambana na foleni ya magari jioni, hupoteza maziwa ya siku hiyo na pia hupunguza yale ya wiki inayofuata.

Kabla ya kuzungumzia tiba ya upungufu, sharti kuhakikisha kwamba upungufu upo. Matiti kuwa laini baada ya wiki sita za mwanzo si dalili ya upungufu, kwani mwili umekwishazoea kutengeneza kiasi kinachohitajika. Mtoto kutaka kunyonya mara kwa mara nyakati za jioni, au kwa siku mbili tatu mfululizo anapokua kwa kasi, ni tabia ya kawaida, na ndiyo njia yake ya kuagiza maziwa zaidi. Wala kiasi kinachopatikana kwenye chupa ya pampu si kipimo cha maziwa aliyo nayo mama. Mtoto anayenyonya vizuri hutoa maziwa kwa ufanisi kuliko mashine nyingi, na wapo akina mama ambao watoto wao wananenepa ilhali pampu huwapa vijiko vichache tu.

Kipimo cha kuaminika kipo kwa mtoto mwenyewe na kwenye kadi yake ya kliniki. Mtoto mchanga kwa kawaida hupoteza uzito kidogo siku za mwanzo, kisha huurudia uzito wake wa kuzaliwa ifikapo takribani wiki mbili. Kuanzia siku ya tano, mtoto anayepata maziwa ya kutosha hulowanisha nepi sita au zaidi kwa saa 24, mkojo wake huwa wa rangi hafifu, na kinyesi chake hubadilika kutoka cheusi kuwa cha njano. Mstari wa uzito kwenye kadi ukiendelea kupanda, mama hana sababu ya kuhangaika, hata kama jirani amemwambia mtoto analia kwa njaa.

Kinyume chake, mtoto ambaye hajarudia uzito wa kuzaliwa baada ya wiki mbili, anayekojoa mara chache na mkojo wake ni wa rangi nzito, aliyelegea, asiyeamka kunyonya au mwenye macho na ngozi ya manjano, apelekwe kituo cha kutolea huduma za afya siku hiyo hiyo. Hapa si mahali pa kusubiri uji wa bibi ufanye kazi. Mtoto asiyepata maziwa ya kutosha lazima alishwe, kwanza kwa maziwa ya mama yaliyokamuliwa, na yasipotosha, kwa maziwa mbadala kwa maelekezo ya mtoa huduma. Mama aliyefikia hapo hastahili lawama.

Upungufu wa kweli mara nyingi huanzia kwenye jinsi mtoto alivyopakatwa na anavyolikamata titi. Mtoto anayeshika ncha ya chuchu pekee humuumiza mama na hapati maziwa. Anapaswa kupanua kinywa na kuingiza pia sehemu kubwa ya weusi unaoizunguka chuchu, kidevu kikigusa titi na mdomo wa chini ukiwa umegeukia nje. Muuguzi au mkunga mwenye uzoefu akimtazama mama akinyonyesha kwa dakika chache anaweza kurekebisha kasoro ambayo pampu yoyote isingeiondoa. Sababu nyingine ya kawaida ni kunyonyesha kwa saa za kupangwa badala ya kila mtoto anapohitaji, ambapo mtoto mchanga huhitaji mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwamo. Kumpa mtoto maji, uji mwepesi au maziwa ya ng'ombe mapema nako hupunguza maziwa ya mama, kwa kuwa tumbo lililojaa maji halina haja ya kunyonya.

Zipo pia sababu za kitabibu: mabaki ya kondo la nyuma kwenye mji wa mimba, kutokwa damu nyingi wakati wa kujifungua, upungufu wa homoni za tezi ya shingo, upasuaji wa matiti uliowahi kufanyika, ujauzito mpya, au vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni. Mama anayenyonyesha aeleze hali yake anapochagua njia ya uzazi wa mpango, kwani zipo njia zisizoathiri maziwa. Wapo wachache ambao matiti yao hayakukuza tezi za kutosha, na hao hawatapata maziwa kamili hata wafanye nini. Kwao, kiasi chochote kinachopatikana bado kina thamani.

Kuhusu vyakula, kila mahali pana chake. Uchagani mama mzazi hupewa mtori, na mwambao wa Pwani hupewa uji wa pilipili manga. Vyakula hivi ni vizuri, vina joto, maji na lishe, na mama anayenyonyesha anahitaji kula vizuri na kunywa kila anapopata kiu. Hata hivyo, bakuli la mtori haliwezi kuchukua nafasi ya titi kunyonywa au kukamuliwa. Pombe, ambayo katika baadhi ya maeneo huaminika kuongeza maziwa, huzuia oksitosini na hivyo kuzuia maziwa kushuka. Dawa za kuongeza maziwa, ikiwamo domperidoni, zisitumiwe bila ushauri wa daktari, kwa kuwa zinaweza kuathiri mapigo ya moyo.

Tukirudi kwenye vifaa, cha kwanza hakiuzwi: mkono. Mama hunawa mikono kwa sabuni, huweka kidole gumba juu ya titi na vidole vingine chini, sentimita mbili na nusu hadi tatu kutoka kwenye chuchu, hukandamiza kuelekea kifuani, kisha hubana na kuachia kwa mdundo, akizungusha mkono ili kufikia pande zote. Vidole visiteleze juu ya ngozi. Maziwa hukingwa kwenye chombo safi chenye mdomo mpana. Siku za mwanzo, maziwa yanapokuwa bado ni dang'a nzito na machache, mkono hufanya kazi kuliko pampu, na hauhitaji umeme. Mwaka 2009, daktari wa watoto Jane Morton na wenzake wa Stanford, Marekani, walionyesha kwamba akina mama wa watoto njiti waliochanganya mikono na pampu ya umeme walipata maziwa mengi zaidi. Ni ujuzi ambao kila mama angefaa kufundishwa kabla hajatoka wodini.

Pampu ya mkono, ile yenye kishikio cha kubana, inatosha kwa mama anayekuwa mbali na mtoto mara moja moja. Ni nafuu, haina kelele na huingia kwenye mkoba. Ile ya mpira unaobinywa mfano wa honi ya baiskeli iachwe kabisa: nguvu yake haidhibitiki, huumiza titi, na maziwa huingia ndani ya mpira mahali pasipoweza kusafishwa.

Kwa mama anayefanya kazi kutwa nzima siku tano kwa wiki, pampu ya umeme inayokamua matiti yote mawili kwa pamoja ndiyo inayofaa zaidi, kwa sababu hupunguza muda karibu nusu. Achague yenye betri ya kuchaji, kwani umeme haukatiki kwa ratiba ya mtoto. Aangalie pia kama nguvu ya kuvuta na kasi vinarekebishwa kila kimoja peke yake, na kama imeundwa kuzuia maziwa yasirudi kwenye mirija na mota. Pampu zisizo na kizuizi hicho hazifai kurithishana wala kununuliwa zikiwa zimetumika, hata zikiuzwa kwa bei ya kuvutia, kwa kuwa ndani ya mota hamsafishiki. Pampu ndogo zinazovaliwa ndani ya sidiria ni rahisi kutumia kazini, ila mama mwenye maziwa machache asizitegemee peke yake.

Jambo linalopuuzwa zaidi ni ukubwa wa faneli, yaani kile kikombe kinachokaa juu ya titi. Pampu nyingi huja na faneli ya milimita 24, lakini chuchu hazilingani. Chuchu inapaswa kusogea kwa uhuru ndani ya mrija bila kusuguka, na weusi wake usivutwe ndani kwa wingi. Faneli isiyolingana huleta maumivu na maziwa machache, na mama hudhani kasoro ni yake. Nguvu ya kuvuta nayo isizidi kiwango asichoumia: maumivu huzuia maziwa kushuka. Pampu iliyokuwa ikifanya kazi vizuri ikianza kudhoofika, vali ndogo za mpira ndizo za kukaguliwa kwanza, maana huchakaa.

Mama aanze kukamua wiki mbili au tatu kabla ya kurejea kazini, mara moja kwa siku baada ya mtoto kunyonya asubuhi. Kiasi cha kuacha nyumbani kinakadirika. Mtoto wa mwezi mmoja hadi sita hunywa wastani wa mililita 750 hadi 800 kwa siku, hivyo saa 10 za kutokuwepo zinahitaji kati ya mililita 310 na 335. Kazini akamue kila baada ya saa tatu hivi, na anyonyeshe akiwa nyumbani, hasa usiku ambapo prolaktini huwa juu. Yakipungua, kwa siku kadhaa atenge saa moja ya kukamua dakika 20, kupumzika 10, kukamua 10, kupumzika 10 na kukamua 10 tena.

Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa nne katika joto lisilozidi nyuzi 25, lakini Dar es Salaam au Tanga mchana joto huvuka hapo. Kwa hiyo yawekwe mara moja kwenye deli dogo lenye barafu ya kutosha, ambamo hudumu hadi saa 24, au kwenye jokofu, siku nne. Yakigandishwa hubaki na ubora kwa takribani miezi sita. Yapashwe kwa kuweka chombo ndani ya maji ya moto, kamwe si kwenye oveni ya maikrowevu, na mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo, ambacho ni rahisi kusafisha kuliko chupa. Yaliyoyeyushwa yatumike ndani ya saa 24 na yasigandishwe tena. Sehemu za pampu zinazogusa maziwa zioshwe kila baada ya matumizi katika beseni lake lenyewe, na kwa mtoto wa chini ya miezi miwili au njiti, zichemshwe dakika tano kila siku. Mama anayeishi na VVU afuate ratiba ya dawa na maelekezo ya kliniki yake, na awahi kliniki chuchu zikipata michubuko.

Muda wa kufanya haya kazini haupaswi kuwa hisani ya msimamizi. Kifungu cha 33 cha sheria iliyotajwa kinamtaka mwajiri kumruhusu mwajiriwa kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Mama ambaye mtoto wake yuko mbali amwandikie mwajiri mapema, kabla likizo haijaisha, kuomba muda huo autumie kukamua. Mahali panapohitajika si pakubwa. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017, inayowataka waajiri kutenga chumba cha kunyonyeshea, inataja maji ya kunawa, jokofu, soketi ya umeme, meza ndogo na kiti. Hata chumba cha stoo chenye kitasa kinachofungwa kinaweza kutosheleza mahitaji hayo. Choo hakifai: hakuna anayeandaa chakula cha mtoto chooni.

Mtoto akitimiza miezi sita na kuanza chakula cha nyongeza, kukamua kazini kunaweza kupunguzwa, awamu moja baada ya siku kadhaa, ili matiti yasijae na kupata uvimbe. Kunyonyesha asubuhi na usiku kunaendelea hadi miaka miwili au zaidi.