Ufagio wa Mwanza, Mzigo wa Uluguru

Mwaka 1964, mjini Mwanza, wazee wapatao 350 walikusanyika kudai mshahara wa vita vilivyokwisha mwaka 1918. Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji: miaka 46. Walikuwa askari wa Mjerumani, wale waliopigana chini ya Paul von Lettow-Vorbeck katika Vita Kuu ya Kwanza. Bunge la Ujerumani Magharibi lilikuwa limekubali kwamba waliobaki hai walipwe malimbikizo yao, na ofisa wa benki akaja na fedha. Tatizo likawa ushahidi. Waliokuwa na hati walizopewa mwaka 1918 walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Wengine walileta vipande vya sare kuukuu. Basi yule ofisa, kama inavyosimuliwa, akabuni mtihani wake mwenyewe. Kila mzee aliyesogea mbele alikabidhiwa ufagio, halafu akapigiwa amri za kwata kwa Kijerumani. Ufagio ukapanda begani, ukashuka, ukasimama wima. Eti hakuna hata mmoja aliyeshindwa.

Ukikitoa kisa hiki kijiweni, watu watacheka, halafu watatikisa vichwa na kusema wazee wa zamani walikuwa wazee kweli. Hawakosei. Mwili ulikumbuka kile ambacho karatasi ilishindwa kukitunza. Lakini sisi tunaojidai waandishi hatuwezi kuishia hapo. Hebu tazama nani anasimulia. Ni mwenye fedha. Katika kisa chote hatusikii jina la mzee hata mmoja, wala neno alilolisema baada ya kuambiwa, katika umri wa kuitwa babu, ashike ufagio kama bunduki ndipo apate haki yake. Wote wamefaulu na kisa kimekwisha. Ni kisa kitamu mno, na mimi visa vitamu mno huwa vinanitia wasiwasi.

Tuanze na deni lenyewe. Askari wa Mjerumani hakuwa mtu wa kuonewa huruma kirahisi. Hawa ndio, wao au waliowatangulia, walioizima Maji Maji kati ya 1905 na 1907, wakachoma vijiji na maghala mpaka njaa ikamaliza kazi ambayo risasi haikuimaliza. Miongoni mwao walikuwamo Wasudani, Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na wengineo. Mshahara wao ulikuwa mnono ukilinganisha na wa kibarua wa shambani, na askari alikuwa na mke, na mtoto wa kumbebea bunduki, na heshima iliyochanganyika na hofu kila alikopita. Ombasha au shaush akiingia kijijini, kuku walijificha.

Vita vilipoanza mwaka 1914, meli za Kiingereza zikafunga pwani. Fedha kutoka Ulaya zikakatika. Mwaka 1916 Wajerumani wakajaribu kutengeneza sarafu zao wenyewe kule Tabora, mpaka za dhahabu zenye picha ya tembo, na noti wakazipiga hapa hapa nchini kwenye karatasi za kubahatisha. Mwisho hata hizo zikawa hazina maana. Askari akaendelea kupigana kwa ahadi: utalipwa vita vikiisha.

Na vita hivyo vilipita hapa kwetu. Watu wengi wa Morogoro niliosoma nao wanajua Vita vya Kagera kuliko hivi, na siwalaumu, Kagera wajomba zetu walikwenda. Lakini tarehe 26 Agosti 1916 majeshi ya Jenerali Jan Smuts yaliingia mji huu wa Morogoro na kukuta Lettow-Vorbeck ameshaondoka. Reli ambayo ilifika hapa mwaka 1907 ikawa imepotea mikononi mwake. Alikwenda wapi? Inua macho tu. Aliuzunguka mlima. Vikosi vyake vilishuka kusini kandokando ya safu ya Uluguru, vikielekea Kisaki, na Waingereza wakafuata kwa njia mbili, wengine upande wa magharibi kupitia Mlali, wengine upande wa mashariki kupitia Matombo.

Aliyewahi kupanda Mgeta kwa miguu wakati wa masika anajua ninachozungumza. Ule mlima hauna mzaha. Makaburu waliopita upande wa Mlali walikuta mizinga na magari hayapiti, wakayarudisha. Walipofika Kisaki, tarehe 7 na 8 Septemba, vikosi viwili vya Afrika Kusini vilishambulia kila kimoja kwa wakati wake bila kuwasiliana, na vyote viwili vikapigwa. Farasi na nyumbu walikuwa wanakufa kwa mbung'o. Magari yalikwama. Sasa jeshi linakula nini? Risasi zinafikaje?

Zinafika juu ya kichwa cha mtu.

Hapo ndipo anapoingia yule ambaye hakuitwa Mwanza. Kila askari wa pande zote mbili alikuwa na wapagazi nyuma yake. Upande wa Waingereza peke yao, waliobebeshwa katika vita vyote vya Afrika Mashariki wanakadiriwa kufika kama milioni moja, na hesabu ya serikali yao yenyewe inakaribia vifo laki moja. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara, homa ya mapafu, malaria, unga usioiva, na baridi ya milimani kwa mtu aliyevaa kipande cha shuka. Wajerumani nao walibeba watu walipopita. Mtu alikuwa anapalilia shamba lake, kesho yake amefungwa kamba na wenzake yuko njiani na mzigo ambao hajui ndani yake mna nini. Na chakula chake cha nyumbani kimebebwa pia.

Neno Kariakoo tunalitamka kila siku. Tunakwenda Kariakoo kununua viatu, tunashangilia Simba na Yanga, watani wa jadi wa Kariakoo. Ni Kiingereza kilichopondwapondwa, lilikuwa jina la kikosi cha wapagazi, na kambi yao ndiyo iliyoacha jina pale Dar es Salaam. Nairobi nao wana Kariokor yao. Nadhani ndiyo malipo makubwa kuliko yote waliyowahi kupata, jina la soko.

Turudi kwa askari. Novemba 1918 Ulaya ilinyamaza, na tarehe 25 Lettow-Vorbeck akasalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia. Alikuwa na Wajerumani 155, askari zaidi ya 1,100, na wapagazi zaidi ya 1,500. Hebu yatazame mafungu hayo matatu vizuri. Fungu la kwanza walirudi kwao, na kamanda wao akapita Berlin akipigiwa makofi kama shujaa ambaye hakushindwa. Fungu la pili walipewa zile hati za kudai mshahara. Kisha mafua makali ya 1918 yakaingia kati yao kabla hawajaona makwao. Fungu la tatu, kimya.

Hati ni kitu cha ajabu. Ni karatasi, lakini inageuza jasho kuwa deni. Bila hiyo jasho linabaki jasho. Wazee wetu walizikunja, wakazitia kwenye mikebe, wakazichomeka kwenye paa, na paa za nyasi huvuja, mchwa nao hawajui kusoma. Nchi ikabadili bwana. Rupia ikatoweka, ikaja shilingi. Ukiwa na hati ya Mjerumani ndani ya Tanganyika ya Mwingereza, unampelekea nani?

Katikati ya miaka ya 1920 Ujerumani ilifanya mpango wa kulipa baadhi ya malimbikizo hayo. Usidhani ilikuwa huruma tupu. Wajerumani waliotaka warudishiwe makoloni walikuwa wanahubiri kwamba Mwafrika aliwapenda, na ushahidi wao mkubwa ulikuwa askari mtiifu aliyepigana mpaka siku ya mwisho. Askari mtiifu anayedai mshahara hadharani anaharibu hotuba. Afadhali alipwe.

Lakini kuna aliyekuja akakuta dirisha limefungwa, na huyu ana jina. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari wa Kisudani. Vita vilipoanza alikuwa na miaka kumi tu, akaingizwa jeshini pamoja na baba yake. Mwaka 1929 akapata kazi ya kuhudumia ndani ya meli, akafika Ujerumani, akaenda moja kwa moja Berlin kwenye Wizara ya Mambo ya Nje kudai mshahara wake na wa baba yake. Wakamjibu amechelewa. Amechelewa! Mtu aliyepigana akiwa mtoto, baba akiwa amekufa, amevuka bahari mbili, anaambiwa muda umepita.

Hakurudi. Alifanya kazi ya uhudumu, akafundisha Kiswahili chuoni, akaigiza kwenye filamu, mara nyingi kama mtumishi mwaminifu, maana ndilo umbo walilotaka kumwona nalo. Aliomba nishani ya waliopigana vita, akanyimwa. Mwaka 1941 utawala wa Hitler ulimkamata kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, ukampeleka kambi ya Sachsenhausen bila kesi. Alifia humo tarehe 24 Novemba 1944. Miaka ishirini baadaye ndipo ufagio unatolewa Mwanza.

Na kwa nini 1964? Lettow-Vorbeck alifariki Machi mwaka huo, akiwa na miaka 93, na waliompenda walitaka neno lake kwa askari litimizwe. Hiyo ndiyo sababu inayotajwa. Ila mimi naona na mengine. Mwaka huo huo Zanzibar ilipindua, tukaungana, na Ujerumani zote mbili zikawa zinavutana kwetu, ile ya Mashariki ikiwa imeshatia mguu Unguja. Bonn ilihitaji marafiki Dar es Salaam. Tena Januari ya mwaka huo huo askari vijana wa Tanganyika Rifles waliasi kambini Colito, na moja ya madai yao lilikuwa, ulikisia, mshahara. Kwa hiyo ndani ya mwaka mmoja nchi hii iliona askari vijana wakidai kwa bunduki na askari wazee wakidai kwa ufagio.

Sisi siyo wa kwanza. Kule Marekani vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikwisha mwaka 1865 na majimbo ya Kusini, yaliyopigana ili utumwa uendelee, yakashindwa. Serikali ya Washington ililipa pensheni wanajeshi wake. Waasi haikuwapa. Basi majimbo ya Kusini yakaanza kulipa wazee wao yenyewe, kila jimbo kwa sheria yake. Texas kwa mfano ilianza mwaka 1899. Mzee alijaza fomu: ulikuwa kikosi gani, uliachaje jeshi, una mali gani, mashahidi wako ni akina nani. Ilibidi athibitishe mambo mawili, kwamba alipigana na kwamba sasa ni fukara. Lakini kilichonikamata ni Mississippi. Kuanzia mwaka 1888 jimbo hilo liliruhusu na watumwa waliopelekwa vitani kuwatumikia mabwana zao nao waombe. Siwasifu. Mtu mweusi alilipwa kwa sharti la kukumbukwa kama mtumishi mwaminifu, tamthilia ile ile ya Husen. Lakini angalau mbeba mizigo alikuwa na mstari wake kwenye fomu.

Wa Uluguru hakuwa nao. Mishahara ya wapagazi wengi waliokufa upande wa Mwingereza haikufika kwa ndugu zao, kwa kisingizio kwamba majina hayakuandikwa sawasawa na vijiji havikujulikana. Kusini ya Kisaki, pale Beho Beho, kuna kaburi la Frederick Selous, mwindaji wa Kiingereza aliyepigwa risasi tarehe 4 Januari 1917. Lina bamba, watalii hupelekwa kuliona, na pori zima lilibeba jina lake kwa miaka mingi. Waliombebea chakula mpaka akafika pale hawana hata kijiti. Dar es Salaam kuna sanamu ya Askari ya mwaka 1927, ambayo maandishi yake yanawataja wapagazi pia. Wanatajwa, lakini aliyesimama juu ameshika bunduki. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Wastaafu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika mwaka 1977, wengi wao watu wa reli, tuliwaona miaka ya 2000 wakizunguka mahakamani na bahasha zao chini ya kwapa. Ukitaka kujua uso wa mzee wa 1964 ulivyokuwa, anzia hapo.

Nimeanza riwaya. Inatokea Mwanza, siku ile ile, uwanja ule ule. Baada ya askari wa mwisho kuupitisha mtihani, anasogea mzee mmoja kutoka Mgeta, aliyesafiri kwa gari moshi na kulala stesheni. Hana hati, hana kipande cha sare, Kijerumani anajua maneno mawili ya matusi. Ana kovu gumu juu ya bega la kulia, na shingo ambayo haikunyooka tena tangu mwaka 1916. Ofisa anaunyanyua ufagio, anamtazama, anaushusha. Nimekiandika kipande hicho mara sita sasa, na kila mara yule mzee anabaki amesimama, anangoja apewe kitu cha kubeba.