Nyakati Mbili Zilizopita za Kiingereza na Asili Yake

Kiingereza cha Kale kilikuwa na njeo mbili tu zilizodhihirika katika umbo la kitenzi: wakati uliopo na wakati uliopita. Msimulizi aliyetaka kuonyesha kwamba tendo moja lilitangulia jingine aliyataja yote mawili kwa wakati uliopita uleule, akaongeza kielezi chenye maana ya "kabla". Mazoea hayo hayajafa. Hata leo, palipo na "after" au "before", wakati uliopita sahili unatosha kwa matendo yote mawili, kwa kuwa mpangilio wake umeshajulikana.

Wakati wa pili uliopita, ule wa "had" unaoonyesha tendo lililotangulia jingine, ulizaliwa kwenye umiliki, si kwenye hesabu ya wakati. Ushahidi mzuri umo katika Tarihi ya Waanglo-Saksoni, iliyokusanywa mwishoni mwa karne ya 9, enzi ya Mfalme Alfred. Inasimulia jinsi Cynewulf, mfalme wa Wessex, alivyovamiwa na Cyneheard akiwa na walinzi wachache, na wavamizi wakapigana naye hadi walipokuwa wamemuua. Katika maneno hayo ya mwisho, neno la kuua lina kiambishi kinachopatana na mfalme, kama kivumishi kinavyopatana na nomino. Ni kana kwamba wavamizi walikuwa naye mikononi, mfalme aliyeuawa. Baadaye viambishi vya namna hiyo vilipotea, umiliki ukasahaulika, na "had" ikabaki kuwa kitenzi kisaidizi cha kurudisha masimulizi nyuma hatua moja.

Vitenzi vya mwendo, kama kuja na kwenda, vilichelewa kuifuata njia hiyo. Viliandamana na kitenzi cha kuwa, na Biblia ya Kiingereza ya 1611 bado inaandika "was come" mahali ambapo leo ni "had come". Katika karne za 18 na 19 "had" ilivimeza karibu vyote.

Wanasarufi walikuja umbo likiwa limekomaa. William Bullokar, aliyechapisha sarufi ya kwanza ya Kiingereza mwaka 1586, alifuata kielelezo cha sarufi ya Kilatini, na hata jina la njeo ya "had" lilitoka huko. Lindley Murray, katika sarufi aliyoichapisha York mwaka 1795, aliieleza kuwa njeo ya tendo lililopita ambalo pia lilitangulia wakati mwingine uliotajwa katika sentensi. Kitabu chake kikaenea katika shule za Uingereza na Marekani.