Jinsi mapengo ya meno yanavyoathiri viungo vya taya

WATU wengi hulichukulia jino bovu kama mwiba uliochoma mguu: likishang'olewa, taabu imekwisha. Pengo husahaulika baada ya wiki chache, hasa likiwa nyuma ya mdomo ambako halionekani mtu anapocheka. Hata hivyo, kila gego linaloondoka hubadilisha namna taya linavyobeba mzigo wa kutafuna. Miaka inapopita, baadhi ya watu hujikuta na maumivu mbele ya sikio, taya linaloalika kila mdomo unapofunguka, au chakula wanachokimeza kabla hakijasagika.

Lakini si kila pengo huleta maradhi ya taya, wala si kila taya linaloalika limeharibika. Ni vyema kuelewa tofauti hiyo kabla ya kuketi kwenye kiti cha daktari wa meno, kwa sababu kukosea upande wowote ni ghali. Wapo wanaong'olewa magego ambayo yangeokolewa, na wapo wanaokubali meno mazima yachongwe ili kutibu mwaliko wa taya ambao haukuhitaji tiba yoyote.

Kiungo cha aina yake

Mtu akiweka ncha za vidole mbele kidogo ya masikio yake kisha apanue mdomo, atahisi vifundo viwili vikisogea chini ya ngozi. Hivyo ndivyo vichwa vya mfupa wa taya la chini. Kila kimoja hukaa katika kishimo kilicho kwenye mfupa wa ubavuni mwa kichwa, na katikati yake pana kisahani chembamba na kigumu, mithili ya gegedu, kinachozuia mifupa hiyo miwili kusuguana.

Taya la chini ni mfupa mmoja ulioshikiliwa ncha zote mbili. Kwa hivyo kiungo cha kulia hakiwezi kusogea bila kile cha kushoto kuhusika. Isitoshe, mwendo wake ni wa namna mbili. Mdomo unapoanza kufunguka, kichwa cha mfupa huzunguka kama bawaba ya mlango; unapopanuka zaidi, huteleza mbele kama droo ya meza. Kisahani kile hutakiwa kuteleza pamoja nacho. Kikitangulia mbele kuliko inavyofaa, hurudi mahali pake kwa ghafla mdomo unapofunguka, na hapo ndipo sauti ya mwaliko husikika.

Nguvu za kuliendesha taya hutoka kwenye misuli, hasa ile ya mashavu na ya panja. Misuli hiyo ina nguvu nyingi, na ikichoka au ikikazwa kwa muda mrefu huuma kama misuli ya miguu baada ya safari ndefu ya kupanda mlima. Maumivu mengi ambayo watu hudhani yanatoka kwenye kiungo chenyewe, au hata sikioni, huwa yametoka kwenye misuli.

Magego ni nguzo

Mtu mzima mwenye meno kamili huwa na meno 32, na wengi ambao magego yao ya mwisho hayakuota au yaling'olewa huwa na 28. Meno ya mbele hukata, chonge hurarua, nayo magego husaga. Zaidi ya kusaga, magego yana kazi nyingine isiyoonekana: mtu anapofunga mdomo, magego ya juu na ya chini hukutana na kulizuia taya lisipande kupita kiasi. Ni kama nguzo zinazoshikilia dari pande mbili za nyumba.

Gego moja likiondoka, yaliyosalia huanza kuhama polepole. Jino lililokuwa nyuma ya pengo huinama mbele. Lile lililokuwa likikutana na gego lililong'olewa hukosa kizuizi, likaanza kurefuka kuelekea kwenye pengo. Chakula hunasa kwenye nafasi mpya zilizojitokeza, fizi huvimba, na jino la jirani hupata tundu. Hivyo pengo moja huzaa la pili.

Mfupa uliolishikilia jino nao hupungua, na upungufu huo huwa wa kasi zaidi katika miezi 12 ya kwanza baada ya kung'oa. Mtu aliyepoteza meno yote, yaani kibogoyo, huonekana kidevu chake kikisogea karibu na pua na mashavu yakibonyea. Pembe za mdomo hukunjika, zikalowa mate na kufanya vidonda.

Mara nyingi badiliko la kwanza ambalo mtu huliona ni mazoea. Upande wenye pengo ukishindwa kusaga, kazi yote huhamia upande mwingine. Mahindi ya kuchoma, nyama choma, githeri na muwa hutafuniwa upande mmoja kwa miaka mingi. Misuli ya upande huo huchoka, na viungo viwili vilivyoumbwa kushirikiana hubebeshwa mzigo usiolingana.

Mawazo ya wataalamu yalivyobadilika

Dhana kwamba kupoteza magego huharibu viungo vya taya si ya leo. Mwaka wa 1934, daktari Mmarekani wa masikio, pua na koo, James Costen, alichapisha maelezo ya wagonjwa 11 waliokuwa na maumivu ya masikio, kizunguzungu na maumivu ya taya. Alisema kwamba magego yakikosekana, taya hupanda na kurudi nyuma, likabana mishipa iliyo karibu na sikio. Kwa muda mrefu madaktari walifuata wazo hilo, wakainua vimo vya meno kwa matumaini ya kuponya masikio.

Wataalamu wa maumbile ya mwili walipochunguza baadaye, waligundua kwamba mishipa hiyo haikupita mahali ambapo taya lingeweza kuibana kama alivyodai. Zaidi ya hayo, matatizo ya viungo vya taya huonekana sana kati ya watu wa umri wa miaka 20 hadi 40, na huwapata wanawake zaidi ya wanaume. Lau kupoteza meno kungekuwa ndicho chanzo kikuu, wazee wasio na meno ndio wangekuwa wagonjwa wengi zaidi. Lakini sivyo ilivyo.

Mwaka wa 1981, mtaalamu wa Uholanzi, Arnd Käyser, wa chuo kikuu kilichoko Nijmegen, alitoa hoja kwamba watu wengi wanaweza kutafuna vya kutosha wakiwa na meno 20 hivi, mradi meno ya mbele yawe kamili na magego machache yasalie kila upande. Hoja hiyo ilikuja kupimwa Afrika Mashariki. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2003, wataalamu wa Tanzania na Uholanzi waliwachunguza nchini Tanzania watu wazima 725 waliopoteza baadhi ya magego, wakawalinganisha na wengine 125 wenye meno kamili.

Kwa jumla, wale waliopungukiwa na magego hawakuonyesha matatizo ya taya kuliko wenzao. Lakini palikuwa na mpaka. Pale ambapo magego yote yanayokutana yalikuwa yametoweka, ama upande mmoja au pande zote mbili, uwezekano wa maumivu na milio ya viungo ulionekana kuongezeka.

Matokeo hayo yana maana kubwa kwa mtu wa kawaida. Pengo moja au mawili si hukumu ya kuumwa taya. Hatari huanza nguzo zote za upande mmoja zinapoanguka. Kwa hivyo mtu aliyekwisha kupoteza magego mawili upande mmoja ana sababu nzito zaidi ya kulipigania la tatu.

Visababishi vingine

Taya huugua kwa sababu nyingi, na mara nyingi huwa zimeungana. Kuna watu husaga au kukaza meno wakiwa usingizini, na wengine hufanya hivyo mchana wanapokuwa na wasiwasi au kazi nyingi, bila kujitambua. Kutafuna miraa au chingamu kwa saa nyingi huichosha misuli. Ugonjwa wa baridi yabisi unaoshambulia vidole na magoti huweza kukishambulia kiungo cha taya pia.

Majeraha nayo yasipuuzwe. Mtu anayeanguka kutoka kwenye bodaboda na kugonga kidevu anaweza kuvunjika mfupa karibu na sikio, ingawa kidonda kinachoonekana kiko kidevuni. Kwa mtoto, jeraha kama hilo lisipotibiwa laweza kukifanya kiungo kigande, mdomo ukashindwa kufunguka na taya likadumaa.

Dalili zisizongoja

Mwaliko wa taya usioambatana na maumivu, na ambao hauzuii mdomo kufunguka, ni jambo la kawaida na kwa kawaida hauhitaji matibabu. Maumivu yanayodumu zaidi ya wiki kadhaa, au mdomo usioweza tena kuingiza vidole vitatu vilivyopangwa wima, ni sababu ya kumwona daktari.

Zipo hali ambazo ni za dharura. Mdomo unaokataa kufunguka pamoja na homa, uvimbe wa shavu au shingo, au taabu ya kumeza, huenda ukaashiria usaha uliotoka kwenye gego la mwisho na kusambaa. Hali hiyo huweza kuziba njia ya hewa na kuua. Taya lililokaza baada ya kuchomwa na kitu kichafu laweza kuwa dalili ya pepopunda. Maumivu ya taya yanayoandamana na kifua kubana, jasho na kukosa pumzi yanaweza kutokana na moyo. Na mtu aliyepiga mwayo mdomo ukabaki wazi apelekwe hospitalini mara moja. Majirani wasijaribu kulisukuma taya wenyewe.

Tiba ianze na iliyo nyepesi

Wagonjwa wengi hupata nafuu bila upasuaji. Huanza kwa kula vyakula laini kwa muda, kukanda mashavu kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, kuepuka kupanua mdomo kupita kiasi, na kutumia dawa za maumivu kwa ushauri wa mhudumu wa afya. Mazoezi ya taya husaidia. Vivyo hivyo mazoea ya kuacha nafasi ndogo kati ya meno ya juu na ya chini wakati mtu hatafuni wala hazungumzi, kwa kuwa taya lililopumzika halikutanishi meno. Anayesaga meno usiku huweza kutengenezewa kinga ya plastiki ya kuvaa akilala.

Matibabu yasiyoweza kurudishwa nyuma, kama vile kuchonga meno mazima ili kubadilisha namna yanavyokutana, hayapendekezwi kuwa hatua ya kwanza kwa maumivu ya taya. Mgonjwa anayeshauriwa hivyo ana haki ya kuuliza sababu, na kutafuta maoni ya daktari wa pili.

Aliyepoteza magego mengi huweza kuwekewa meno bandia ya kuvua na kuvaa, daraja linaloshikiliwa na meno jirani, au jino lililofungwa kwenye skrubu ya titani iliyopandikizwa mfupani. Shabaha kuu ni kumrudishia uwezo wa kutafuna pande zote mbili. Anayevaa meno bandia ayavue usiku na kuyasafisha, na akaguliwe mara kwa mara, kwa kuwa mfupa huendelea kupungua na meno yaliyomkaa vyema miaka kumi iliyopita huenda sasa yanacheza.

Kuliokoa gego

Gego la kwanza la utu uzima huota mtoto akiwa na umri wa miaka 6 hivi, nyuma ya meno ya utotoni, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Kwa sababu hiyo wazazi wengi hudhani ni jino la utotoni litakalobadilishwa, na huliacha lioze. Kumbe ndilo linalotakiwa kumhudumia mtoto huyo hadi uzeeni.

Maradhi ya fizi nayo hulegeza meno yasiyo na tundu hata moja. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa uliofanywa Kenya mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu watu wazima wote waliochunguzwa walikuwa na fizi zinazotoka damu. Uvutaji wa sigara na ugonjwa wa kisukari usiodhibitiwa huzidisha hatari hiyo. Kupiga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, kusafisha katikati ya meno na kupunguza vitu vyenye sukari ndiyo kinga ya msingi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, nao usemi huo haujapata mahali panapoufaa zaidi ya kwenye jino. Tundu dogo huzibwa kwa muda mfupi. Likifika kwenye kiini, jino huhitaji matibabu ya mzizi, ambayo ni ghali kuliko kung'oa, na hapo ndipo wengi huchagua koleo. Hesabu hiyo huwa haijajumlisha gharama ya meno bandia yatakayohitajika baadaye.

Japani ilianzisha mwaka wa 1989 kampeni ya kuwahimiza wananchi wafike umri wa miaka 80 wakiwa na meno yao 20. Lengo hilo halihitaji mitambo mikubwa. Huanza na uamuzi mmoja mmoja. Kabla ya kukubali gego ling'olewe, mgonjwa anaweza kumuuliza daktari maswali matatu: je, jino hili laweza kuokolewa? Likiondoka, magego mangapi yatabaki yakikutana upande huu? Na pengo litajazwa kwa nini, na lini? Majibu yake ndiyo yatakayoonyesha kama koleo ni tiba, au ni mwanzo wa safari nyingine.