Gumegume, Fataki na Taji la Liège: Kuitambua Bastola ya Urithi Maniema Kusini

Bastola ya kijeshi iliyorithiwa katika koo za Kasongo, Kabambare au Wamaza huelezwa kwa wepesi kuwa ni ya zama za Tippu Tip. Dai hilo lina asili yake. Hamed bin Muhammed el Murjebi, katika tawasifu yake, alilihusisha jina hilo na mlio wa bunduki zake. Na Kasongo ilikuwa ngome ya watu wake hadi ilipotwaliwa na jeshi la Dola Huru ya Kongo, chini ya Dhanis, tarehe 22 Aprili 1893. Hata hivyo, masimulizi ya ukoo ni jambo moja na ushahidi wa chuma ni jambo jingine.

Msamiati wa Kiswahili ndio mwongozo wa kwanza. Silaha ya gumegume huwashwa kwa jiwe linalopiga chuma na kurusha cheche kwenye baruti. Ya fataki huwashwa kwa kikombe kidogo cha shaba kinachovikwa juu ya kifa na kugongwa na nyundo. (Neno kifa hutumika kwa mitambo yote miwili, jambo linaloweza kumpoteza msomaji wa kamusi.) Gumegume ndiyo ya kale zaidi kiufundi, kwani fataki zilienea katika majeshi ya Ulaya miaka ya 1830 na 1840. Lakini ukale wa mtambo si ukale wa bastola. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia silaha za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaacha mwanya kwa bunduki za gumegume zisizo na michirizi ndani ya kasiba. Kwa hiyo biashara ya gumegume iliendelea wakati Ulaya ilikwisha kuiacha.

Alama za kasiba husema zaidi. Silaha zilizojaribiwa Liège, Ubelgiji, zilipigwa herufi ELG juu ya nyota, ndani ya duara la umbo la yai. Mwaka 1893, mwezi Julai, taji liliongezwa juu yake. Bastola yenye taji hilo, basi, ilikuwa bado haijapigwa alama Kasongo ilipoanguka. Na Tippu Tip alikwisha kuondoka Kongo mwaka 1890. Kukosekana kwa taji hakuthibitishi kinyume chake, kwa sababu silaha kuukuu zaweza kuletwa baadaye. Vivyo hivyo neno TOWER, alama ya silaha za jeshi la Uingereza, liliigwa mno na waundaji wa bunduki za biashara.

Vifaa vyake vipimwe pamoja nayo. Risasi iliyotoka katika kalibu sharti iingie kasibani, na mdeki ufike mwisho wake. Seti iliyokusanywa ovyoovyo hupungua bei. Pembe ya baruti iliyochongwa na fundi wa hapa, ambayo wanunuzi huipuuza, yaweza kuwa na maana kubwa kihistoria kuliko bastola yenyewe.

Kutu isisuguliwe kwa mchanga: alama hufutika na thamani huondoka nazo. Kwanza kabisa ufito uingizwe kasibani, kisha upimwe kwa nje hadi penye kifa. Ukipungua, huenda baruti ya zamani ingali imeshindiliwa humo, na bastola isikaribie moto.

Taji likionekana, swali hubadilika: ukoo uliipataje silaha ya baada ya 1893, kwa biashara, kwa utumishi wa Dola, au kwa ununuzi wa baadaye? Majina ya walioishika, mmoja baada ya mwingine, yaandikwe wazee wangalipo. Bila orodha hiyo, mnunuzi wa mbali hulipia chuma cha Liège tu.